Nani Alisukuma, Nani Alisukumwa

Ukitoka nje ya ploti yetu hapa Bondeni, Nakuru, na uangalie kaskazini, utaona mlima usio na kilele. Ni mgongo mrefu tu, umejaa miti, na asubuhi za baridi ukungu huukalia mpaka saa tatu. Watu huutaja Menengai kama wanavyotaja steji ya matatu. Kuna mtaa una hilo jina, kuna shule, kuna hata sabuni. Kwa Kimaa, menenga ni maiti. Mtu anafua shati lake na jina la maiti na halimsumbui, kwa sababu hajawahi kuambiwa.

Mimi mwenyewe nilizaliwa hapa na nilipanda juu mara ya kwanza nikiwa na miaka 22. Wakati huo nilikuwa nimeacha chuo, mwaka wa tatu, somo la historia. Karo ilinishinda, na nikisema ukweli wote, hata siku nilizokuwa na karo sikuwa nikienda darasani sana. Siku hizi naandika hapa na pale, na Jumamosi nasoma vitabu na vijana wa mtaa kwenye chumba cha mabati nyuma ya kinyozi. Wananiita ticha. Nimewaambia mara nyingi mimi si ticha. Wamekataa.

Jumamosi moja niliwauliza ni wangapi wamewahi kufika kwa kreta. Walikuwa 14, wa miaka 13 hadi 17. Mikono miwili ilipanda. Mmoja alikuwa amepelekwa na mamake kwenye mapango ambako watu huenda kufunga na kuomba. Wa pili, tulikuja kugundua baadaye, alikuwa anadanganya.

Hiyo ilinikera kuliko ilivyostahili. Wageni wanashuka kwa magari ya safari, wanapigwa picha pale juu na kurudi hotelini, na kijana wa Bondeni anaweza kumaliza shule ya upili bila kujua nyuma ya ule mgongo kuna shimo la kilomita 12 kwa 8. Nikawaambia tunapanda. Barua za ruhusa zikaandikwa kwa mkono, zikarudi zimesainiwa, mbili kati yake kwa mwandiko uliofanana ajabu na wa wenye barua. Hizo nilizirudisha, na nikazifuata mwenyewe nyumbani kwao.

Nilihitaji mtu mzima mwingine. Jirani yangu anayeuza nguo za mitumba, ambaye mtaa mzima humwita Mama Mitumba, alijitolea. Kijana wake wa mwisho ni mmoja wa wale 14, yule mrefu, na nadhani alitaka tu kuhakikisha harudi amevunjika mguu. Siku yenyewe alikuja na chapati 30 kwenye ndoo, na kanga mbili. Nilimuuliza za nini, akasema, "Wewe panda tu." Kabla ya saa tano kanga moja ilikuwa imefunga kifundo cha msichana aliyekuja na sandak.

Tulitoka saa kumi na mbili asubuhi kwa miguu. Njia inapitia Milimani, na hapo tu mazungumzo yalibadilika. Mageti ya chuma, maua ya ua, mbwa ambao hawajawahi kukosa chakula. Vijana walianza kushusha sauti bila mtu kuwaambia. Baada ya nyumba za mwisho barabara inaingia kwenye mikaratusi na wakaanza tena kelele. Mzee wa geti la msitu alituhesabu, nikalipa, akaniambia nisiwaache waende ukingoni wakicheza. "Pale mawe hudanganya," akasema. "Unaona ni imara, kumbe yamekaa tu."

Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na sehemu ya juu ya Menengai ni mita 2,278. Si mlima wa kutisha. Lakini miguu ya miaka 13 ambayo haijazoea kupanda ilianza kulalamika mapema, na nilijifunza kwamba kundi la vijana hutembea kwa mwendo wa yule wa mwisho, upende usipende. Nilimweka kijana mwenye nguvu nyuma na mimi nikakaa mbele. Kila kona tulihesabiana kwa sauti, moja mpaka kumi na nne.

Kisha miti inaisha na dunia inaisha nayo.

Hakuna picha inayokutayarisha. Unatarajia shimo kama la machimbo, na unakuta bonde zima liko chini yako, na ukuta wa upande wa pili uko mbali mpaka ni wa samawati. Chini kuna lava nyeusi iliyomwagika ikaganda, imekunjana kama uji uliomwagika ukapoa, vichaka vya leleshwa, na hapa na pale moshi mweupe unapanda. Mvulana mmoja mdogo alisema polepole, "Wueh." Halafu hakuna aliyeongea kwa muda, na hiyo kwa kundi lile ni muujiza.

Niliwaeleza jinsi lilivyotokea, kwa sababu hiyo ndiyo sehemu rahisi. Zamani, makumi ya maelfu ya miaka, hapa palikuwa na volkano kubwa, pana kama ngao iliyolazwa. Chini yake kulikuwa na chumba cha mawe yaliyoyeyuka. Volkano ikalipuka kwa nguvu, ikatapika mawe na majivu bonde lote, na kile chumba kikabaki kitupu. Paa halina nguzo, paa linaanguka. Kwa hivyo tunaloita kreta si mdomo wa volkano, ni nyumba iliyobomoka, na wataalamu huiita kaldera. Baadaye lava mpya ikapanda kupitia nyufa na kutandaza sakafu. Mwongozaji mmoja aliyekuwa karibu na kundi lingine alidakia kwamba hii ni ya pili kwa ukubwa duniani. Sikubishana naye. Ngorongoro iko pale Tanzania na haihitaji wakili.

Huyo huyo ndiye aliyewapa vijana hadithi za shetani. Wazee wa Kikuyu waliita mahali hapa Kirima kia Ngoma, mlima wa mizimu, na waongozaji wameongezea chumvi: shamba ambalo shetani hulima usiku, mwavuli mkubwa unaoonekana mvua ikinyesha. Vijana walipenda sana. Nami, kwa wivu nadhani, nikataka hadithi yangu iwapige kuliko yake.

Nikawaambia kuhusu maiti.

Niliisimulia jinsi nilivyoisikia utotoni kutoka kwa dereva mmoja wa matatu. Kwamba karne ya kumi na tisa morani wa Ilpurko na morani wa Ilaikipiak, wote Wamaa, lugha moja, ng'ombe wa aina moja, walipigana hapa juu. Kwamba Ilpurko waliwasukuma Ilaikipiak mpaka ukingoni, na nyuma yao hapakuwa na ardhi tena. Nilitumia mikono. Nilipiga sauti ya mtu anayeanguka. Ule moshi, nikawaambia, wengine husema ni roho zao zinajaribu kupanda kwenda mbinguni.

Ilifanya kazi vizuri sana. Wavulana watatu walisimama wakaanza kucheza Ilpurko. Yule mrefu, mtoto wa Mama Mitumba, alimshika mwenzake mabegani akajifanya anamsukuma, hatua tatu kutoka ukingoni. Nilipiga kelele ambayo sijawahi kupiga maishani. Wakarudi wakicheka, lakini mimi magoti yalikuwa yananitetemeka, na nilijua kosa ni la nani.

Tulirudi nyuma hadi kwenye kivuli, ndoo ya chapati ikafunguliwa. Ndipo msichana wa kanga mguuni akauliza, bila kuniangalia, "Ticha, kwani sisi ni gani hapo? Ni wale walisukuma ama ni wale walisukumwa?"

Mwingine akadakia, "Sisi si Wamasai."

"Najua. Nauliza tu."

Hapo ndipo nilipoanza upya, safari hii bila mikono.

Kitu cha kwanza ambacho dereva wangu hakuniambia ni kwamba haikuwa siku moja. Vita vya Wamaa kwa Wamaa vilichukua miaka mingi, kundi kwa kundi, vikiisha huku vikianza kule, kwa sababu ya malisho, maji na ng'ombe. Ilaikipiak walikuwa na nguvu nyingi, wakishikilia nyanda za juu ambazo bado zinabeba jina lao, Laikipia. Simulizi nyingi husema wao ndio waliozidi kuvamia ng'ombe wa wenzao, mpaka Ilpurko na makundi mengine wakaungana chini ya baraka za Mbatiany, oloiboni mkubwa wa wakati huo. Katikati ya miaka ya 1870 Ilaikipiak wakavunjwa. Menengai ni mahali pamoja tu katika kuvunjwa huko, ila ndipo palipobaki na jina. Wamaasai wa zamani hawakupenda kutaja jina la mtu aliyekufa, kwa hivyo wale walioangukia hapa hatuna hata mmoja wao kwa jina. Mlima wote umepewa jina lao na hakuna anayejua jina lao.

Cha pili, hawakuisha. Hii nilirudia mara mbili. Vitabu vya zamani viliandika kana kwamba Ilaikipiak walifutwa. Waliobaki walichukuliwa na jirani zao, wengine wakawa Wasamburu, wengine wakaingia kwa Ilpurko wenyewe, watoto wao wakalelewa na watu waliowashinda. Mpaka leo kuna familia kule Laikipia zinazosema, sisi ni Ilaikipiak. Kwa hivyo lile swali la msichana lina jibu la ajabu kidogo. Kizazi kimoja baadaye, mtu mmoja angeweza kuwa mjukuu wa aliyesukuma na mjukuu wa aliyesukumwa.

"Na wale walishinda?" aliuliza yule mrefu. "Walipata nini?"

Hapa ndipo napenda historia, na hapa ndipo huniuma kwamba niliiacha.

Walipata kama miaka 15. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliingia na kuua ng'ombe kwa kiasi ambacho hakijawahi kuonekana, kisha ndui ikaua watu. Wamaasai wana neno lao kwa kipindi hicho, Emutai, kumalizika. Mbatiany alifariki karibu na wakati huo, na wanawe, Olonana na Sendeyo, wakagombania nafasi yake. Wanawe hao walipokuwa bado wanavutana, reli ya Waingereza ilikuwa njiani kutoka Mombasa. Ilifika Nakuru 1900, na kufikia Desemba 1901 ilikuwa Kisumu. (Mwaka 1899 Mwingereza mmoja, Mackinder, alifika kilele cha Mlima Kenya akavipa vilele majina Batian, Nelion na Lenana, yaani Mbatiany na jamaa zake. Heshima ya kipekee, kumpa mtu jina la barafu huku ukichukua ardhi yake.)

Reli iliyojengwa kwa pesa nyingi inahitaji mizigo. Walowezi wakaitwa. Lord Delamere alipata eka 100,000 pale Njoro, unaweza kuona upande huo ukiwa juu ya Menengai. Na ardhi nzuri kando ya reli, kuanzia Naivasha kupita hapa chini yetu, ilikuwa na wenyewe, na ng'ombe wao walikuwa wameanza kuongezeka tena. Agosti 1904 ukatiwa saini mkataba na Kamishna Sir Donald Stewart. Olonana aliweka alama yake, na wengine pamoja naye. Wamaasai wa Bonde la Ufa wahame. Wengine waende kusini. Na Ilpurko wengi waende wapi?

Nikanyamaza kidogo. Yule wa kanga akasema, "Laikipia."

Laikipia. Walipelekwa kuishi kwenye ardhi ya watu waliowasukuma. Mkataba uliahidi kwamba itakuwa yao maadamu kabila lao lipo. Miaka saba baadaye walowezi wakaitaka Laikipia pia. Olonana alifariki Machi 1911, na Aprili mwaka huo mkataba mwingine ukasainiwa: wahame tena, wote waende hifadhi ya kusini. Safari ya kwanza kupitia Mau ilikutana na mvua na baridi, mifugo na watu wakafa njiani, ikabidi isimamishwe kisha ianzwe tena. Mpaka 1913 karibu watu 10,000 na laki za mifugo walikuwa wamesukumwa kusini.

Kuna mzee mmoja, Parsaloi ole Gilisho, kiongozi wa morani wa Ilpurko, aliyekataa. Hakuchukua mkuki. Alisaidia kupeleka kesi mahakamani, ile inayojulikana kama kesi ya Ole Njogo, 1913, na wakili juu. Mahakama ikasema haiwezi kuisikiliza, kwa sababu mkataba kati ya Wamaasai na Mfalme wa Uingereza ni mkataba wa nchi mbili, na mambo ya nchi mbili si kazi ya mahakama. Yaani walikuwa taifa huru siku moja tu, siku ya kunyimwa haki.

"Hiyo ni mchezo," mvulana mmoja akasema. Wengine walikuwa wameacha kutafuna.

Mama Mitumba alikuwa amekaa kando muda huu wote, akikunja mifuko ya plastiki. Sikujua anasikiliza. Alisimama akageuka upande wa mji, akanyoosha mkono kuelekea barabara ya kwenda Eldoret, akamwambia kijana wake, "Unaona pale kwa shoo?"

Alimaanisha uwanja wa maonyesho ya kilimo. Kijana akasema anauona, ingawa sina hakika.

"Wewe ulilala pale. Ulikuwa na miezi miwili."

Mwishoni mwa Januari 2008 Nakuru iliwaka. Tume ya Waki ilihesabu zaidi ya watu 1,100 waliouawa nchi nzima katika majuma yale baada ya uchaguzi, na uwanja wa maonyesho wa Nakuru ukawa mji wa mahema. Nilikuwa mtoto, nakumbuka moshi na nakumbuka kulala chini ya kitanda, lakini sikujua jirani yangu wa ukuta mmoja alikuwa kwenye hema. Yeye alieleza kwa maneno machache. Nyumba yao iliwekwa alama kwa chaki. Waliondoka usiku. Mtu aliyempa blanketi kwenye hema alikuwa wa kabila la wale waliochoma, na mtu aliyeonyesha nyumba yao kwa kidole alikuwa wa kabila lao. Makabila aliyataja, mimi sitayaandika. Wasomaji wangu wa Kenya wataweka wanayotaka na hilo ndilo tatizo.

"Na hukuniambia?" kijana akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto mdogo ghafla.

"Ningekuambia ili ufanye nini?"

Sina jibu la swali hilo, na nimelifikiria sana tangu siku ile. Nilipanda na vijana 14 nikiwa na imani ya kawaida ya watu waliosoma nusu, kwamba kuambiwa ni bora kuliko kutoambiwa. Lakini nusu saa kabla nilikuwa nimewaambia hadithi ya mauaji na wao wakaigeuza mchezo, ukingoni. Mama Mitumba alinyamaza miaka 17 na mtoto wake amekua anacheza mpira na kila mtu. Huwezi kumwambia alikosea. Ila pia niliona uso wa yule kijana akiangalia mji, akitafuta uwanja ambao amepita mara mia akienda kwa shangazi yake, na sidhani angependa kurudishiwa ule ujinga.

Hatukushuka ndani ya kreta. Nilikuwa nimepanga tushuke kidogo, lakini kile kifundo kilikuwa kimevimba na jua lilikuwa limekaza. Badala yake tulikaa tukiangalia mitambo kule chini. Kampuni ya serikali ilianza kuchimba mvuke hapa 2011, na tangu 2023 kuna kituo cha megawati 35 kinachotoa umeme kwa moshi ule ule niliowaambia ni roho. Wavulana wawili walitaka kujua mtu anasoma nini ili afanye kazi pale. Hilo nililijibu vizuri. Mmoja akauliza kama wakichimba wanaweza kukuta mifupa, na Mama Mitumba akamwambia amalize chapati yake.

Njia ya kushuka ilikuwa ya kimya kuliko ya kupanda. Yule wa sandak alibebwa mgongoni kwa zamu, zaidi na yule mrefu. Kule Milimani hawakushusha sauti, nadhani kwa uchovu tu. Tulihesabiana kwenye geti, kwenye barabara kuu, na mara ya mwisho mbele ya kinyozi: kumi na nne.

Jioni yule mrefu alinigongea. Alitaka ile karatasi ambayo nilikuwa nimechora miaka, 1875, 1890, 1904, 1911, 1913, kwa mishale. Nilimpa. Kesho yake niliiona imebandikwa ukutani kwao, juu ya televisheni, na chini ya 1913 mtu alikuwa ameongeza mshale na 2008 kwa kalamu nyekundu. Mwandiko ulikuwa wa mamake.

Jumamosi iliyofuata walikuja 19 badala ya 14. Wanataka Longonot. Pale kutoka getini mpaka ukingoni ni kilomita tatu na kitu, na kuzunguka kreta yote ni zaidi ya saba. Kwa sasa tunachanga nauli ya Naivasha, na nimesema wazi, hakuna atakayepanda na sandak.